Re: Saketi za kupinda bila kemikali kali, nianzie wapi?

Mdogo wangu, umeuliza vipi utatengeneza saketi za kupindika za oganiki (yaani za kemikali zenye kaboni zinazopitisha umeme) kwa projekti yako hapo Tunguu bila klorobenzini, kile kimiminika cha kuyeyushia kemikali hizo, na chumba chenyewe kina feni moja tu. Hiyo achana nayo kabisa, mvuke wake mbaya. Njia kavu ya kweli ni kupasha moto ile kemikali ya oganiki ndani ya vakyumu (chombo kilichotolewa hewa) mpaka iwe mvuke ikagande juu ya plastiki, ndo walivyofanya Tang na VanSlyke wa Kodak mwaka 1987 kwenye OLED yao, taa ya kemikali za oganiki (wao juu ya kioo lakini), na skrini za OLED za simu mpaka leo ni mtindo huo huo, ila bei ya mashine yake skwambii.

We anza na penseli. Chukua 6B, ile laini nyeusi sana, sugua karatasini mstari mnene wa sentimita 5 hivi, bana ncha mbili kwa klipu, multimita (kipimo cha umeme) weka kwenye omu, yaani ipime ukinzani, halafu pinda karatasi mstari ukiwa upande wa nje, utaona namba inapanda, geuza upinde mstari ukae ndani inashuka, hiyo sensa ya kupinda tayari na hujamwaga hata tone la kemikali. Ila grafaiti, ule weusi wa penseli, ni kaboni lakini wakemia hawaihesabu oganiki, mwalimu atakubana hapo, jiandae. Na karatasi ikaushe kwanza, unyevu wa masika Unguja unaujua mwenyewe.