Neno la aliyebakwa peke yake linatosha mahakamani?

Maswali ya ubakaji wiki hii yamekuwa mengi, nayajibu kwa sheria za hapa Tanzania.

Dada wakili shikamoo. Mdogo wangu kabakwa, hakuna aliyeona. Kesi si imekufa?

Marahaba, haijafa mdogo wangu. Nani anabaka mbele za watu? Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ilimradi ajiridhishe anasema kweli na aandike sababu zake. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ambayo mawakili tunaiita Makumba, ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Ila watu wanaikariri vibaya, mahakama hiyohiyo ikaja kufafanua kwamba maneno yake hayamezwi mazima, lazima yapimwe.

Yanapimwaje, kwa kulia?

Hapana jamani. Nilishamwona binti anahojiwa na wakili wa mshtakiwa karibu saa nzima, ncha ya khanga anaikunja anaikunjua, chozi hamna, watu nyuma wakaanza kunong'ona mbona halii, hakimu yeye anaandika tu. Kinachoangaliwa ni maelezo yanashikana toka mwanzo mpaka mwisho au la, na yanaendana na ya mashahidi wengine au la. Kukosea rangi ya shati hakuui kesi, kinachoua ni mkanganyiko unaogusa mzizi wake, mfano leo anamtaja huyu kesho yule.

Alikaa siku 5 ndo akasema, wataamini?

Hapa ndo penye mtihani. Anayemtaja mtu mapema anaaminika zaidi, na kuchelewa bila sababu kunatia shaka. Lakini sababu zinasikilizwa, labda alitishiwa kuuawa, labda aliyembaka ndo anayemlisha. Sasa hiyo sababu aiseme kizimbani kwa mdomo wake! Inaniuma sana kuona hakuna hata aliyemuuliza.

PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, inasema hana majeraha.

Sheria haidai majeraha, wala haidai awe alipigana.

Mwanangu ana miaka 7, ataapishwa?

Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema ukweli na sio uongo, na ahadi iandikwe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama. Mama, siku hiyo mkumbushe mwendesha mashtaka, kesi zimeanguka kwenye rufani kwa kukosa mstari huo mmoja.