Kifaa kifuate dunia, uchawi ufuate maandishi

Mukubwa, umeuliza mambo mawili kuhusu mchezo wetu wa mezani, ambao mmoja anausimulia na kuuamua na wenzake wanaigiza wahusika kwa kurusha kete, na yote nimekutana nayo mezani kwangu hapa Goma. La kwanza: mchezaji wako anayeigiza kuhani anataka kutumia uchawi wa kuumba maji ndani ya mapafu ya jitu, life palepale. La pili: mwenzake amenunua chupa ishirini za mafuta ya taa na kila pango anataka kulichoma. Ukikataa wanalalamika kwamba unaua ubunifu. Ukikubali, pambano linaisha kabla kete hazijapata joto.

Mimi naendesha kwa toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014. Kanuni zake za msingi ziliachiwa bure Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na baadaye zikatoka hata kwa Kifaransa, jambo ambalo kwetu huku lina faida kuliko kitabu kizuri cha picha ambacho hakifiki. Nimesema toleo mapema kwa sababu la 2024 limebadilisha vifaa kadhaa, tusije tukabishana bure.

Msimamo wangu ni huu. Kifaa kinafanya kile ambacho kitu hicho kingefanya duniani, hata kama kitabu hakikukitaja. Uchawi unafanya kilichoandikwa tu, hata kama akili yako inaona ungeweza zaidi. Kamba haina maelezo marefu kwa sababu kila mtu anaijua kamba. Uchawi hakuna anayeujua, ndiyo maana kila mmoja umeandikiwa umbali, muda na kinachoweza kuguswa. Ukiuachia mchezaji autanue kwa hoja za fizikia, basi mwenye mdomo mrefu mezani ndiye atakuwa mchawi mkubwa, na yule mkimya aliyechagua upanga atakaa anatazama simu.

Tuchukue hayo maji. Maandishi yanampa kuhani hadi galoni 10, kama lita 38, ndani ya chombo kilicho wazi umbali usiozidi mita 9, au mvua ya kuzima moto ulio wazi katika eneo hilo. Pafu si chombo kilicho wazi. Atakuambia mdomo ulikuwa wazi. Usiingie kwenye mjadala huo, hautoki. Mwonyeshe ngazi, yaani daraja la nguvu ya uchawi: huu ni uchawi wa ngazi ya kwanza, na wa ngazi hiyohiyo unaorusha mishale mitatu ya nguvu unaumiza kati ya pointi 6 na 15 za uhai kwa jumla. Kama maji yangeua jitu kwa tendo moja, waandishi wangeyaweka juu kabisa ya orodha, na kila kuhani wa adui angeyatumia kwa wachezaji wako. Hoja hiyo ya mwisho huwa inamaliza kesi.

Lakini maandishi hayohayo yana mlango, na wachezaji wangu waliuona. Walikuwa mbele ya lango la chuma la kupandishwa, mnyororo umepita juu ya gurudumu. Lango zito, nikawapa ugumu wa 20 kwa Nguvu, yaani namba ambayo kete pamoja na Nguvu ya mhusika lazima ziifikie, na mwenye misuli wao alikuwa amelala amejeruhiwa. Wakafunga pipa tupu kwenye ncha ya pili ya mnyororo, wakaling'oa kifuniko. Kuhani akasema maneno yake. Lita 38 zikatokea ndani ya pipa ambalo sekunde iliyotangulia halikuwa na kitu, mnyororo ukakaza. Hapo kila mmoja mezani amewahi kubeba bidoni (dumu) ya lita 20 kutoka ziwani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa jinsi karibu bidoni mbili zinavyovuta. Nikashusha ugumu hadi 15, wakalipandisha. Chombo kilikuwa wazi, umbali ulitosha, kiasi hakikuzidi. Uchawi ulipomaliza kazi yake, uzito wa maji ni mambo ya dunia, na dunia naijua.

Mpaka wenyewe uko hapo. Uchawi unaweka kitu mahali. Kuanzia hapo dunia inaendelea nacho. Kinyume chake sikubali: dunia hairudi nyuma kurekebisha maandishi. Utelezi ndio mfano ninaoupenda. Kuna uchawi wa ngazi ya kwanza unaopaka grisi sakafuni, mraba wa mita 3, watu wanateleza na kuanguka. Mara zote kuna mtu atakayesema grisi inawaka. Maandishi yanasema utelezi, hayasemi moto, kwa hiyo haiwaki. Unataka iwake? Mwaga mafuta ya taa, hayo yanauzwa dukani, na mwali wa kichawi unaochoma vitu visivyoshikwa na mtu utayawasha bila swali.

Sasa chupa zako ishirini. Mafuta kitabu kimeyaandikia namba, zifuate, kwani zenyewe zinatosha kumtuliza mtu. Ukimrushia adui chupa ikampata, na akaguswa na moto kabla ya dakika moja kuisha, anaumia pointi 5 za ziada. Ukimwaga chini, chupa moja inafunika mraba wa mita 1.5, ikiwashwa inawaka mizunguko miwili ya zamu, kila mmoja sekunde sita, na anayeingia au kumalizia zamu yake humo anaumia pointi 5. Basi. Kurusha ni tendo, kuwasha ni tendo jingine, na kila zamu una tendo moja. Mwenye upanga katika muda huohuo ameshapiga mara mbili. Mimi siruhusu chupa tano kwenye mraba mmoja zizae pointi 25: moto ni uleule, labda utakaa zaidi. Ila akizitandaza kwenye korido yote kabla adui hajafika, akajificha na mwenge, mpe haki yake, hiyo ni kazi ya akili na imemgharimu muda na fedha.

Kitu kisichokuwemo kitabuni kabisa, kama chukudu, lile gari la mbao la kusukuma mizigo, nakitafutia ndugu yake kwenye orodha. Wangu walipakia mawe kwenye chukudu wakaisukuma kuelekea mlango kwenye mteremko. Orodha ina gogo la kubomolea milango: linaongeza 4 kwenye kete ya Nguvu, na ukisaidiwa na mwenzako unarusha kete mbili na kuchukua kubwa. Nikawapa hayo. Chukudu haikupona.

Nikae kidogo kwenye kipindi kimoja ambacho vifaa na uchawi viligongana vibaya, maana hapo ndipo swali lako lina uzito.

Niliweka shimo chini ya magofu, kwenye ardhi ya lava. Nikaeleza: mbuzi amelala chini, hana jeraha, nyasi mbichi bado mdomoni, hakuna harufu. Wachezaji wa mji mwingine wangetafuta nyoka. Wa Goma walisema kwa sauti moja: mazuku. Mtu wa hapa anajua kwamba kati ya mji wetu na mji mdogo wa Sake kuna mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni hukusanyika asubuhi pasipo upepo, nzito kuliko hewa, haionekani, na mnyama akishuka hapandi. Kitabu hakina mtego huo. Sikuandika hata namba zake mapema. Nilitumia kanuni ya kukosa hewa iliyopo: unabana pumzi dakika 1 pamoja na dakika za nyongeza yako ya Ustahimilivu (namba ya uimara wa mwili wa mhusika), zikiisha unabaki na mizunguko michache, halafu unaanguka na pointi sifuri.

Mwenye kamba akafunga taa akaishusha. Kwenye usawa wa kiuno mwali ukawa mdogo, kwenye magoti ukazimika. Wakapata kina cha gesi bila kurusha kete hata moja, na sikuomba kete, kwa sababu hakuna cha kubahatisha: taa ikikosa hewa inazimika. (Hapo ni mezani tu. Kwenye bonde la kweli usitegemee mshumaa, gesi ile inaweza kukuangusha kabla mwali haujafa.)

Mchawi wao akacheka. Yeye ana fimbo yenye mwali wa kudumu, uchawi wa ngazi ya pili uliomgharimu unga wa yakuti wa vipande 50 vya dhahabu. Akashuka ngazi akiangalia mwali wake unawaka vizuri, akasema hapa hewa ipo. Maandishi ya uchawi ule yanasema wazi: mwali hauna joto na hautumii oksijeni. Sikusema neno, nikamwambia kichwa kinamuuma. Mezani wakaanza kumpigia kelele apande. Taa ya bei rahisi ilikuwa imewaambia ukweli ambao fimbo ya ghali isingeweza.

Aliyewaokoa alikuwa na uchawi wa upepo mkali, mita 18 kwa mita 3, na maandishi yake yanasema unatawanya gesi na mvuke. Yamesema, basi yanafanya. Lakini unadumu dakika moja tu na unahitaji umakini, na chini kule kulikuwa na maadui, mifupa inayotembea yenye pinde, ambayo haipumui wala haijali mazuku. Mshale ukimpata mwenye upepo, anarusha kete ya Ustahimilivu dhidi ya 10 au nusu ya maumivu, ipi kubwa; akishindwa, upepo unakatika na gesi inarudi. Nilitazama watu wazima wakisimama mbele ya mwenzao wakimkinga kwa miili yao ili aendelee kunong'ona.

Hapo likazuka swali zuri kuliko yote. Mchawi aliye chini amebana pumzi: anaweza kusema maneno ya uchawi? Uchawi mwingi unahitaji sauti. Ukizibwa mdomo au ukiwa ndani ya ukimya wa kichawi, hauwezekani. Kuhusu pumzi iliyobanwa, kanuni za 2014 zimenyamaza. Niliamua hivi: unaweza kusema, lakini ukisema umeachia pumzi, na hesabu ya mizunguko ya mwisho inaanza sasa hivi. Akafikiria, akaangalia wenzake, akasema maneno. Tunachezea nyumba ya mbao ambayo jirani anasikia kila kitu, kwa hiyo maneno hayo huwa tunayasema kwa sauti ya chini sana, lakini siku ile alipaza.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita: mikono. Anayeshika taa mkono mmoja na ngao mwingine hana mkono wa kufanyia ishara. Ukilisimamia hilo kila mara, swali la nani anabeba taa linakuwa mkakati wenyewe, na chaki, kengele na kioo cha chuma vinaanza kununuliwa. Ukilisamehe, vifaa vinarudi kuwa mistari kwenye karatasi.

Na akitokea wa kukuletea ule ujanja wa kupanga wakulima elfu mbili wapitishiane mkuki ndani ya sekunde sita ili uruke kama risasi, mwambie achague. Kama ni kanuni, mkuki umefika kwa mtu wa mwisho, naye anaurusha kama mkuki wa kawaida. Kama ni fizikia, haukufika. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2024 chenyewe kimeandika kwamba kanuni si fizikia.

Mwenye chupa ishirini usimlipue ukitafuta kumkomesha. Mpira wa moto wa kichawi unasema unawasha vitu ambavyo havijavaliwa wala kubebwa, na maandishi yanamlinda yeye pia. Ila muulize mapema begi hilo anapigana nalo mgongoni au analitua. Wa kwangu huwa analitua.