Nafasi tupu haihifadhiwi

Msomaji wa Goma, mwanafunzi wa enformatike, anauliza: "Mwalimu, kwenye TP (kazi ya mazoezi) niliandika Linux, ile sisteme ya kompyuta, inahifadhi nafasi ya antete (habari zinazowekwa mbele ya data, kama anwani) ndani ya bafa (pahali pa memori pa kuwekea data kwa muda), mwenzangu anasema ni inarezerve. Nani ako na haki?"

Hakuna hata mmoja, ndugu yangu, na hii kuhifadhi imenichosha kabisa, sikuizi kiti kwenye boti ya Bukavu kinahifadhiwa, meza kwenye harusi inahifadhiwa, kila kitu! Hifadhi ilitoka kwa Kiarabu, ni kulinda kitu kisipotee, hata kukishika kichwani. Lazima kitu kiwepo kwanza. Pariki ya Virunga inahifadhiwa tangu 1925 juu ndani yake muko nyama za pori. Nafasi tupu unailinda na nani? Shida ni ile rezerve ya Kifaransa, inabeba kutunza na kutenga pamoja, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunabandika neno moja kila mahali.

Enda soko ya Kituku, hapo Goma, uangalie mama anajaza gunia ya maharagi. Anamimina, anatikisa, anagongesha chini, anamimina tena, halafu anasimama shubiri moja chini ya mdomo wa gunia, hata kama maharagi ingine imebaki kwenye beseni. Muulize ni ya nini. "Naacha nafasi ya kushonea." Hatasema anahifadhi, hata umlipe. Na akijaza mpaka mdomoni, uzi haupate pa kushika, anatafuta gunia kubwa zaidi na kumimina yote upya, ingine inamwangika chini.

Kerneli, ile roho ya Linux, inafanya vile vile ikituma data kwenye mtandao. Bafa ikiwa bado tupu, fonksio yake skb_reserve inasogeza mwanzo wa data mbele, data inaingia, kisha antete zinaandikwa kwa kurudi nyuma, moja kwa kila kanuni ya mtandao, ya TCP, ya IP, na mwisho ile ya Etheneti, baiti 14: anwani ya mpokeaji 6, ya mtumaji 6, aina 2. Ile inayotangulia njiani njo inaandikwa mwisho. Nafasi isipotosha, inatafutwa bafa kubwa na kukopia upya.

Andika basi: "Linux inaacha nafasi ya antete mwanzoni mwa bafa." Inatenga nayo nakubali. Rezerve mukiwa munaongea naivumilia, kwenye TP hapana. Kuhifadhi iachie data yenyewe, ukiisha kuiweka kwenye diski.