Fangasi ya ngozi inayorudi kila ukiacha krimu

SWALI: Daktari, miezi miwili iliyopita nilitokewa na duara linalowasha pajani. Nilipaka krimu ya mchanganyiko na muwasho ukatulia ndani ya siku mbili, lakini kila nikiacha linarudi, na sasa limesambaa hadi kiunoni wala halina tena umbo la duara. Nimeambiwa kwamba fangasi imeingia kwenye damu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, ondoa hofu ya damu. Kwa maelezo yako, hii inaelekea kuwa choa, na fangasi wake, ambao mara nyingi ni wa jamii ya Trichophyton, hujilisha kwa keratini, yaani protini ngumu iliyomo katika tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Ndiyo maana duara hutanuka kuelekea nje: ukingoni, ambako fangasi wangali wanakula, ngozi huinuka na kuwa na magamba madogo, ilhali katikati hupoa.

Ninachokishuku ni krimu yenyewe. Tafadhali chukua boksi lake usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina. Ukikuta neno linaloanza kwa "betameth" au "clobet", hiyo ni steroidi, dawa inayotuliza muwasho kwa kuzima kinga ya ngozi, kwa hiyo wewe unapata nafuu upesi huku fangasi wakisambaa bila kizuizi. Hata umbo la duara hupotea, kiasi kwamba daktari asiyeuliza habari za krimu anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine. Tena ngozi ya mapajani na kinenani ni nyembamba, na steroidi ikipakwa hapo kwa muda mrefu inaweza kuacha michirizi isiyofutika, jambo linalonisikitisha kila ninapoliona kwa sababu lingeweza kuepukwa.

Acha krimu hiyo. Muwasho unaweza kuzidi kwa siku kadhaa, usiirudie. Tumia dawa ya fangasi pekee, kwa mfano klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, ukipaka hadi takriban sentimita 2 nje ya ukingo, na uendelee kwa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi, kwa kuwa wengi huacha mara tu muwasho unapokwisha. Kagua pia katikati ya vidole vya miguu. Pakiwa na magamba au pamelowa na kuwa peupe, patibu kwa wakati huohuo, na uvae soksi kabla ya chupi ili usivipandishe vimelea kinenani.

Hata hivyo, kwa jinsi lilivyosambaa, huenda ukahitaji vidonge, kwa hiyo muone daktari wa ngozi, ambaye anaweza kukwangua magamba kidogo na kuyapima kwa hadubini kabla ya kukuandikia dawa. Usijinunulie vidonge vya ketokonazoli, kwani vinaweza kudhuru ini vibaya. Na boksi la krimu nenda nalo.