Maswali ya Forodha: Bahasha ililala miezi minane, deni likazaa

SWALI: Assalaam aleikum mzee wetu. Nina duka la vipuri vya boti hapa Langoni, Lamu. Mwaka juzi niliagiza mashine mbili za boti na vipuri vyake kutoka Dubai. Mzigo ukashukia Mombasa, wakala akautoa, nikalipa ushuru na risiti ninazo. Tarehe 2 Novemba kijana wa wakala ameniletea bahasha: forodha inanidai shilingi 186,000 zaidi, na riba juu yake, eti vipuri viliandikwa namba isiyo yake, ile inayoamua kiwango cha ushuru. Barua yenyewe ni ya tarehe 3 Machi! Mzigo nimeshauza. Wana haki gani ya kunidai leo, na mimi nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Picha ya bahasha uliyonitumia nimeikuza kwenye simu mpaka nikasoma anwani. Ni sanduku la posta la wakala, Mombasa. Jina lako liko ndani ya barua, mstari wa tatu, baada ya jina lake. Matatizo yako yalianzia kwenye anwani hiyo, na serikali nayo inapotezea pesa zake papo hapo.

Kudai, haki wanayo. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinaruhusu ushuru uliopungua udaiwe hata mzigo ukishatoka bandarini, mradi miaka 5 haijapita. Pakiwa na udanganyifu, hata miaka 5 haimkingi mtu. Na usijitetee kwamba namba aliandika wakala. Mbele ya sheria hiyo, alichotenda wakala kwa niaba yako umekitenda wewe.

Riba ni asilimia 2 ya deni kwa kila mwezi, na kipande cha mwezi huhesabiwa mwezi mzima. Kwa deni lako ni shilingi 3,720 kila mwezi. Kwa miezi 8 bahasha ilipokuwa imelala kwenye meza ya mtu mwingine, hizo ni shilingi 29,760. Kwa mwenye duka la Langoni huo ni mtaji wa kuagiza propela na plagi.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mwandikie Kamishna wa Forodha kuomba uamuzi uangaliwe upya. Muda wa kawaida ni siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, na wao watahesabu tangu Machi, lakini kifungu cha 229 kinampa Kamishna nafasi ya kupokea ombi lililochelewa kwa sababu ya msingi. Sababu yako ni hiyo bahasha. Iambatishe, usiitupe, pamoja na barua ya wakala inayotaja siku aliyokukabidhi. Uliza pia riba imeanza kuhesabiwa tarehe gani. Kisha kaa na ankara yako uangalie kifaa kimoja kimoja. Huenda namba mpya ni sahihi kwa baadhi ya vipuri na si sahihi kwa vingine. Kile unachokubali kwamba unadaiwa, kilipe mara moja ili riba yake ikome. Kama huna pesa zote, omba kwa maandishi ulipe kwa awamu, na uandike kiasi na tarehe unazoziweza kweli. Ofisa hawezi kuidhinisha neno "nitajitahidi".

Mimi nilikaa dawati la madeni ya forodha miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Lamu, na jambo hili bado linaniuma. Faili zetu zilikuwa za kahawia, zimefungwa kwa uzi mweupe, na za zamani uzi ulikuwa umeshika vumbi hadi ukawa rangi ya faili. Siku moja nilitumwa Malindi na faili la namna hiyo. Nilimkuta mzee ameketi kibarazani kwenye duka tupu, rafu zimebaki mbao. Aliisoma barua polepole, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hamkuja nilipokuwa na mali?" Sikuwa na jibu. Deni lilikuwa halali kila shilingi, na hatukupata hata moja.

Ndiyo maana nasema, deni la ushuru hulipika likiwa bichi. Ukaguzi wa hati ukifanywa ndani ya miezi michache baada ya mzigo kutoka, bidhaa bado ziko dukani na mwenyewe bado anakumbuka alichoagiza. Miaka 5 ya sheria ni mwisho wa safari, ofisa asiifanye ndio ratiba yake. Barua iende kwa mwenye mzigo mwenyewe, kwa simu na barua pepe alizosajili, na nakala ndiyo iende kwa wakala. Na madeni yatengwe. Linalobishaniwa liwe na daftari lake, lililokubaliwa na halijalipwa liwe na lake, na la kampuni iliyokwisha kufa lipelekwe kwa wenye mamlaka ya kulifuta. Yakichanganywa, ofisa anashinda akiwafuata maiti huku walio hai wanahama.

Sheria inaruhusu pia benki iagizwe kuzitoa pesa za mdaiwa. Ni silaha kali, na mahali pake ni kwa mtu aliyeitwa akakataa kuja. Kwa mtu ambaye barua haikumfika, ni kumvunja mgongo bure.

Enzi za Sayyid Said forodha ya pwani hii ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, maarufu wao Jairam Sewji. Walimpa Sultani kiasi cha mwaka walichokubaliana, kisha wakakusanya wenyewe. Sitamani mtindo huo urudi, maana faida iliingia mfuko wa mtu binafsi. Lakini mkusanyaji yule alijua kila chombo ni cha nani na mwenyewe analala mtaa gani.

SWALI: Mimi nauza vitenge Malindi. Mbona wadogo tunabanwa kwa vijisenti, na mizigo mikubwa ya malori inapita?

JIBU: Dada yangu, mizigo mingi ya malori hayo inakwenda nchi jirani, kwa hiyo hailipiwi ushuru hapa. Hupita kwa dhamana, yaani benki au kampuni ya bima imeahidi kulipa kama mzigo hautavuka mpaka. Ukishushwa humu nchini kwa siri, ushuru unadaiwa, na dhamana ndiyo ya kukamatwa kwanza. Uchungu ni kwamba dhamana ina tarehe ya mwisho. Ofisa akichelewa kuidai mpaka tarehe ipite, deni linabaki kwenye karatasi na hakuna aliyesimama nyuma yake. Ningekuwa na sauti, kila asubuhi kabla ya barua yoyote kuandikwa kwa mwenye duka la vitenge, mkuu wa kituo angeletewa orodha ya dhamana zinazokwisha mwezi huo.