Mali za wahalifu na vifaa vya polisi
Umeuliza kama kuna ubaya polisi kununuliwa magari, redio za mawasiliano na fulana za kuzuia risasi kwa fedha za mali zilizotaifishwa kutoka kwa wahalifu. Ubaya hauko kwenye vifaa, kwani askari wa doria anastahili kulindwa. Uko pale anayekamata mali anapokuwa ndiye anayefaidika nayo. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1984, polisi wa majimbo wanaoshirikiana na serikali kuu wanaweza kupewa hadi asilimia 80 ya mapato ya mali iliyotaifishwa, na mara nyingi si lazima mwenye mali awe ametiwa hatiani. Katika kesi ya Indiana iliyofika Mahakama ya Juu na kuamuliwa mwaka 2019, mtu alikuwa amenyang'anywa Land Rover ya takriban dola 42,000 kwa kosa ambalo faini yake ya juu kabisa ilikuwa dola 10,000. Huo, kwa kweli, ni uonevu. Jimbo la New Mexico lilibadili utaratibu huo mwaka 2015: mtu ahukumiwe kwanza, kisha fedha ziingie mfuko mkuu wa jimbo. Naunga mkono njia hiyo kwa dhati, na vifaa vya polisi viombwe kwenye bajeti, mbele ya wabunge, kama mahitaji mengine ya umma.