Uhamisho Ukitoka, Anzia Shule ya Zamani

Ukiolewa na mwanajeshi, uhamisho si jambo geni. Kinachochosha ni muda: leo mko kambi ya Mtongwe kule Likoni, Mombasa, mwezi ujao mnatakiwa kambi ya Lanet, Nakuru, na muhula uko katikati. Wengi wetu hapo huanza kupiga simu Nakuru kuulizia nafasi. Nafasi hazikosekani; kutoka Free Area hadi Pipeline shule ni tele, za serikali na za binafsi. Mtoto hukwamishwa na shule anayoihama.

Nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu mmoja hapa wakati jirani yangu wa kambini alipogeuziwa kompyuta ajionee. "Mama, huyu bado ni wa kule." Kwenye mfumo wa wizara jina la mtoto lilikuwa halijaachiliwa, na shule mpya haiwezi kumwingiza mpaka ile ya zamani imtoe. Fedha za serikali kwa shule za umma huhesabiwa kwa wanafunzi waliosajiliwa, kwa hiyo sioni ajabu mwalimu mkuu wa shule ya zamani akikosa haraka. Kama ni shule ya binafsi na kuna deni la karo, utazungushwa zaidi. Malizaneni kabla lori halijapakiwa, tena mkubaliane kwa maandishi.

Usiondoke bila barua ya kuhama, ripoti za mihula iliyopita na namba ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ile anayopewa akiwa gredi ya 3. Cheti cha kuzaliwa nadhani unacho.

Gredi ya 6 ndiyo yenye kazi. Akishasajiliwa kwa KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi hiyo, mimi ningemwacha amalize huko kwa shangazi yake, baba atangulie. Watu husema mtihani ule haumfelishi mtu. Sawa, lakini una asilimia 20 ya matokeo yake ya gredi ya 9. Tathmini za gredi ya 7 na ya 8 zina 20 nyingine, na KJSEA, mtihani wenyewe wa gredi ya 9, una 60. Basi hata wa gredi ya 7 usimhamishe kabla mwalimu wake hajakuthibitishia kwamba alama zake zimeshapelekwa KNEC. Ukiwa Lanet, kumfuatilia mwalimu aliye Likoni kwa simu ni kazi ya kumaliza kredi.

Sare subiri mpaka akubaliwe, maana shule nyingine huuza zao wenyewe. Sweta nunua mapema, hasa kwa watoto wa Pwani. Asubuhi za Julai hapa zina baridi kweli.